Bima ya maisha yenye vipande: kwa mwenye mshahara ni sawa, mkulima aitazame mara mbili

Mawakala wa Mbeya na Iringa huiuza bima hii ya maisha iliyochanganywa na uwekezaji kwa maneno machache: ukifariki familia inalipwa, ukiwa hai unavuna. Ni kweli, ila hapo makato yamerukwa, na makato ndiyo yanayoamua utavuna nini.

Hela ikiingia hugawanywa. Sehemu inakwenda kwenye kamisheni na ada za mwanzo, sehemu inalipia kinga ya kifo, inayobaki inanunua vipande, yaani sehemu ndogondogo za mfuko wa pamoja wenye hisa na hatifungani. Tuseme unatoa 50,000 kwa mwezi na mkataba unakata asilimia 30 mwaka wa kwanza. Katika 600,000 zako, 180,000 zimekwenda na 420,000 ndizo zilizonunua vipande. Hata vikipanda kwa asilimia 10 unakuwa na 462,000. Anayevunja mkataba mapema huumia hapo.

Makato mengine hujificha. Mikataba mingi hulipia kinga kwa kuuza vipande vyako kila mwezi. Kwenye taarifa unaona bei ya kipande imepanda, unafurahi, kumbe idadi imepungua. Soma vyote viwili. Soko likishuka, vipande vingi zaidi huuzwa kulipia kiasi kilekile, na gharama ya kinga huongezeka kadiri umri unavyosogea.

Muulize wakala pia: mtu akifariki, familia inapewa kiasi cha bima pamoja na thamani ya vipande, au kile kilicho kikubwa kati ya hivyo viwili? Tofauti yake ni mamilioni, na wapo mawakala wanaojibu kwa kubahatisha. Ionyeshwe kwenye mkataba.

Kwa mwalimu au muuguzi anayekatwa moja kwa moja kwenye mshahara, mpango huu unakwenda. Kwa mkulima wa kahawa Mbozi au wa mpunga Mbarali ni habari nyingine. Hela huja kwa msimu, makato huja kila mwezi. Ukipitisha muda wa nyongeza, yaani siku unazoachiwa baada ya tarehe ya malipo, bila kulipa, kinga inakatika, au vipande vinaendelea kuliwa hadi viishe. Omba kulipa mara moja kwa mwaka, tarehe iwe baada ya mauzo. Wakikataa, achana nao: kata bima ya maisha ya muda peke yake, ile inayolipa ukifariki ndani ya mkataba na haina akiba, na kwa akiba nunua vipande vya mfuko wa kawaida usio na bima unapokuwa na hela. Kwa wengi wa huku, njia hiyo ni nafuu na rahisi kuifuatilia.

Mfuko wa Wekeza Maisha wa UTT AMIS, kampuni ya serikali inayosimamia mifuko ya uwekezaji, ulioanza 2007, ndio mfano ulio rahisi kuusoma: mkataba wa miaka 10, kiwango kidogo kabisa kikiwa 8,340 kwa mwezi, na bei ya kipande hutangazwa hadharani. Kiwango hicho kwa miaka 10 ni milioni moja na ushee tu ya michango, kwa hiyo usikitegemee kusomesha chuo.

Fomu ya afya ijaze mwenyewe. Wakala mwenye haraka huandika "hapana" kwenye presha na kisukari, na siku ya madai kampuni inaifungua fomu hiyohiyo kukataa kulipa. Leseni ya wakala ihakikishe kwa TIRA, mamlaka inayosimamia bima Tanzania, ambao wana ofisi ya kanda Mbeya, kabla hujatoa hata shilingi.