Nyuso Ndani ya Miti: Uzoefu Wangu na Filamu ya Eyes of Fire

Mara ya kwanza niliitazama filamu hii nikiwa kijana, katika banda la video mjini Moshi, na kanda ilikuwa imechakaa kiasi kwamba kila tukio la usiku lilikuwa giza tupu. Mwezi uliopita nimeitazama upya katika nakala iliyokarabatiwa na kutolewa na Severin Films mwaka 2021, na ndipo nikagundua kwamba nilichokikosa siku ile ndicho kiini chake: nyuso za watu walionaswa ndani ya magome ya miti.

Iliandikwa na kuongozwa na Avery Crounse, mpiga picha, na ikatoka mwaka 1983. Kisa ni cha mwaka 1750, Marekani ikiwa bado koloni. Mhubiri Will Smythe, anayeponea chupuchupu kunyongwa kwa tuhuma za uzinzi, anatoroka na wafuasi wake kwa chelezo hadi kwenye bonde ambalo Washawnee, wenyeji asilia wa eneo hilo, wenyewe wanaliogopa, naye kwa kiburi chake anaona amepewa nchi ya ahadi.

Fedha zilikuwa chache, lakini jicho la mpiga picha limefanya kazi ambayo fedha isingeifanya. Taswira zinawekwa juu ya nyingine, rangi zinageuzwa ghafla, na ukitulia kuutazama mti uliosimama nyuma ya mzungumzaji, unabaini kwamba nao unakutazama. Hapo nilisimamisha filamu. Nimezaliwa Old Moshi, ambako mti ambao Wajerumani walimnyongea Mangi Meli, mtawala wa Wachaga wa huko, mwezi Machi 1900 bado umesimama, na utotoni tulikuwa tukipita karibu nao kimya, bila mtu mzima yeyote kutuagiza. Wazo la filamu, kwamba ardhi hutunza damu iliyomwagika juu yake, halikuhitaji kufafanuliwa kwangu.

Kasoro zipo. Sehemu ya mwisho imejaa madoido yanayokanganya, na Washawnee, ambao ndio wanaolijua bonde, hawapewi nafasi ya kutosha ya kusema. Hili liliniuma zaidi. Hata hivyo, Karlene Crockett katika nafasi ya Leah, binti wa Kiayalandi mwenye uganga, anaibeba filamu karibu bila maneno.

Nakala hiyo ina pia toleo refu la awali, Cry Blue Sky. Usiitazame kwenye simu. Tafuta kioo kikubwa, zima taa, na uyaache macho yako kwenye miti kuliko kwa wanaozungumza.