Kiko cha gunzi la mahindi kwenye joto na unyevu: uzoefu wangu wa miezi tisa

Kwa miezi tisa sasa nimekuwa nikitumia kiko kilichotengenezwa kwa gunzi la mahindi, na karibu kila mara nimekivutia nje, katika joto la nyuzi 30 na zaidi na hewa nzito inayolowesha shati kabla mtu hajamaliza kujaza tumbaku. Nilikinunua kwa sababu kiko changu cha mzizi wa briar (mti mgumu unaotumika sana kutengenezea viko), ambacho nakipenda na kukitunza, kilinishinda kabisa msimu wa joto. Kila nilipofika katikati ya bakuli, yaani tundu linalojazwa tumbaku, kilianza kukoroma, maji machungu yakapanda mdomoni, na hata nikikipumzisha siku mbili, mwanzi wake, yaani bomba linalopitisha moshi, ulibaki na unyevu.

Tumbaku inapoungua hutoa mvuke, na mvuke huo hupoa na kugeuka matone ndani ya mwanzi. Ikiwa tumbaku yenyewe imeshakunywa unyevu wa hewa, mvuke huzidi, moto huzimika ovyo, nawe hulazimika kuvuta kwa nguvu hadi moshi wa moto ukuunguze ulimi. Gunzi, kwa kuwa lina vinyweleo vingi, hunyonya sehemu ya maji hayo, na changu kikilala wazi usiku mmoja huamka kikavu. Watu wameujua uzuri huu muda mrefu: Henry Tibbe, mkereza mbao mwenye asili ya Uholanzi, alianza kuuza viko vya namna hii mjini Washington, jimbo la Missouri, Marekani, mwaka 1869, na mwaka 1878 akapata hataza ya kuviimarisha kwa plasta.

Kasoro zipo. Ncha ya mwanzi wa mti imejitokeza ndani ya bakuli, na mara tano au sita za kwanza, nilipovuta kwa pupa, iliungua na kuharibu ladha yote ya mwisho. Dawa yake ilikuwa kujaza nusu bakuli tu na kuvuta taratibu mpaka tabaka jembamba la makaa likaizunguka ncha ile. Kosa kubwa zaidi nililifanya mwenyewe: nilikifungia kiko kikiwa bado kibichi ndani ya mfuko wa ngozi, na baada ya siku nne nikakuta ukungu wa kijivu umeota sakafuni mwa bakuli. Nilikitupa na kununua kingine cha aina ileile. Tangu hapo, kila nikimaliza, napitisha waya uliovikwa pamba ndani ya mwanzi mara mbili, kisha nakisimamisha mahali penye upepo.

Hata hivyo kiko peke yake hakitoshi ikiwa tumbaku haikuandaliwa. Mimi huitandaza juu ya karatasi ndani ya nyumba, chini ya taa, kwa nusu saa hivi, kwa sababu nje haikauki bali huzidi kulowa. Naiminya kati ya vidole viwili: ikishikamana kama tonge, bado, ikifunguka yenyewe bila kuvunjika, iko tayari. Nimeona pia kwamba tumbaku ya Burley, yenye sukari kidogo, huuhurumia ulimi kuliko Virginia, ambayo sukari yake huifanya iwake kwa moto mkali.

Sigaa ni habari nyingine, na katika hali hii naipa nafasi ya pili. Ikitoka kwenye kasha lenye unyevu wa asilimia 65 na kukutana na hewa ya asilimia 85, jani la nje huvimba, na mara mbili limenipasukia mkononi kabla sijafika nusu. Sasa nachagua fupi na nyembamba ili niimalize kabla haijalowa, na sitoi kwenye kasha ila ile ninayoiwasha wakati huohuo. Ikizima, kuiwasha upya huleta ukakasi, ilhali kiko unaweza kukiweka chini, ukazungumza, ukakishindilia kidogo na kukiwasha tena bila hasara kubwa.

Jambo dogo la mwisho ni kiberiti. Njiti zilizokaa mfukoni pamoja na jasho humenyeka kichwa zinapokwaruzwa, kwa hiyo zangu nazibeba ndani ya kikopo chenye kifuniko cha kubana, pamoja na tumbaku ya kujaza mara moja tu.