Makala (2017): filamu ya usiku mtulivu, na kitufe kimoja cha televizheni kinachoiharibu

Jambo sana ndugu zetu wa Lubumbashi, Likasi, Kipushi, na ninyi wa Kolwezi, maana leo filamu inafika mpaka kwenu. Mmeomba orodha ya filamu za kutazama usiku nyumbani, watoto wakishalala na jenereta ya jirani ikishanyamaza. Orodha itakuja. Leo kwenye video hii nashika moja tu, kwa sababu hii ukiitazama vibaya ni kama hukuitazama: Makala, ya Mfaransa Emmanuel Gras, mwaka 2017, dakika 96. Mwaka huohuo ilichukua tuzo kuu ya Semaine de la Critique kwenye tamasha la filamu la Cannes. Mambo ya tuzo yaishie hapo.

Habari yenyewe ni fupi. Kabwita ni kijana wa kijijini upande wa Kolwezi. Anakata mti, anauchoma uwe makala, yaani makaa, anapakia magunia kwenye kinga, yaani baiskeli, anaisukuma karibu kilomita 50 mpaka mjini akauze, apate pesa ya mabati. Si mchezo wa kuigiza, ni mtu mwenyewe na kazi yake.

Najua mtu wa Katuba au Ruashi hapa Lubumbashi atasema: kinga za makala zinapita mbele ya nyumba yangu kila asubuhi, nitazame nini? Tazama tanuri, mama. Sisi tunaona gunia likishafungwa, tunabishana bei, tunaweka kwenye mbabula, jiko letu la makala, basi. Hapa unaona magogo yanapangwa, yanafunikwa majani na udongo, kisha moto unalindwa. Ukimwona anahangaika na udongo juu ya tanuri, ujue kwa nini: mti lazima uive kwa kukosa hewa. Udongo ukipasuka, hewa inaingia, na pale palipopasuka makala yanageuka majivu, kazi ya siku nyingi inakwenda. Angalia na rangi ya moshi. Ule mweupe mzito wa mwanzo ni maji yanatoka kwenye mti. Ukianza kuwa mwembamba na wa bluu, maji yamekwisha na mti unakaribia kuwa makala. Filamu haikuelezi hayo, hakuna sauti ya msimulizi hata dakika moja, na mimi napenda hivyo.

Sasa tuje kwenye sauti, na hapa nitakaa. Filamu hii nusu yake iko masikioni. Shoka, upepo, pumzi ya mtu anayepanda mlima na mzigo, gurudumu linalolalamika kwenye vumbi. Halafu lori linatoka nyuma yake. Lile lori linatakiwa likushtue! Linatakiwa likufanye uvute miguu kwenye kochi. Sasa sikilizeni, naweka kipande cha barabarani jinsi televizheni ilivyotoka dukani. Mmesikia? Gurudumu na lori viko sawasawa. Mtu anasukuma kinga, lori linapita kando yake, na hakuna kilichotokea.

Mkosaji anaitwa Volume auto. Kazi yake ni kupandisha sauti ndogo na kushusha kubwa, ili matangazo yasikurushe. Kwa habari za saa mbili usiku ni sawa. Kwa filamu hii ni uharibifu. Ingia Paramètres, kisha Son (sauti), kisha Paramètres avancés au Expert kulingana na televizheni yako, tafuta Volume auto, zima. Papo hapo, ukiona Mode nuit au Voix claire, zima pia, kwa sababu hiyo ya pili inasukuma maneno mbele na kupunguza vingine, na humu maneno ni machache. Narudia kipande kilekile. Gurudumu... gurudumu... Haya! Ndiyo maana ya barabara hiyo. Sasa unajua anachoogopa.

Volyumu iweke hivi: nenda mwanzoni, anapotembea porini. Panda pole pole mpaka usikie nyasi bila kujikaza, acha hapo, weka rimoti mbali. Ukianza kushusha na kupandisha kila dakika, huenda spika za televizheni zimezibwa. Nyingi zinatazama chini au nyuma. Televizheni usiisukume ndani kabisa ya kabati la bufee. Ilete ukingoni mwa meza, na nyuma uache nafasi ya kiganja.

Wenye spika ya Bluetooth, kipande cha kukata mti ndicho kipimo chenu. Tazama shoka linapogusa mti. Sauti ikija baada ya shoka, hata kidogo tu, ni Bluetooth inachelewesha. Kwa mtu anayeongea huwezi kutambua haraka, kwa shoka huwezi kukosa. Tumia waya wa AUX wa milimita 3.5 kama televizheni ina tundu la masikioni. Kama huna, tafuta kwenye menyu ya Son sehemu ya kulinganisha sauti na picha, rekebisha kidogo kidogo ukiangalia shoka lilelile.

Kwenye picha kuna adui mwingine, naye nampitia haraka. Samsung inamwita Auto Motion Plus, LG TruMotion, Sony Motionflow. Televizheni inatunga picha za katikati ili mwendo uwe laini, na mtu aliyechoka anaanza kuteleza kama yuko kwenye barafu. Zima. Halafu mwangaza: kuna sehemu za usiku barabarani, giza na vumbi na taa za magari. Chagua hali ya picha ya Cinéma, zima taa ya sebuleni, na usipandishe mwangaza, giza litakuwa kijivu na vumbi litapotea.

Maandishi ya chini: wanaongea Kiswahili, na ni Kiswahili cha kwetu, si cha redio. Kama nakala yako inaruhusu kuondoa Kifaransa, ondoa. Jicho likishuka kusoma, halioni tena uso.

Kuna kitu kimoja kinanikwaza, ule muziki wa cello wa Gaspar Claus. Mtu anasukuma magunia, mbona unamwekea huzuni juu ya huzuni? Gurudumu linatosha. Ingawa ukiusikiliza kwenye spika nzuri, yale mavumo ya chini yanakaribia mlio wa mzigo wenyewe, unashindwa kujua kipi kinaanzia wapi. Sawa, kwenye spika nzuri naukubali. Kwenye spika ya simu, hapana.

Umeme. Wengi mnaniuliza betri gani itafikisha mwisho. Televizheni ya inchi 32 inakula kama wati 50, weka spika wati 10, jumla 60. Dakika 96 ni saa moja na nusu na kidogo, unapata karibu wati-saa 96. Invata nayo inapoteza, hesabu 115. Gawanya kwa volti 12, ni karibu Ah 10 (ampea-saa, kipimo kilichoandikwa kwenye betri). Betri ya asidi usiishushe chini ya nusu, kwa hiyo Ah 20 ndiyo ya chini kabisa, na ikiwa imezeeka chukua 40. Zile za Ah 7 zilizomo kwenye UPS ya kompyuta hazifiki. Itazima Kabwita akiwa bado barabarani, na pale kwenye lango la mji, wanapomdai magunia ili apite, ndipo hupaswi kukatishwa.

Bei: usikodi kwa megabaiti za simu bila hesabu. Ubora wa kati unakula giga moja na kidogo, HD inaweza kufika karibu giga tano, na bando hilo linaweza kupita bei ya filamu yenyewe. Pakua usiku kwa WiFi ya rafiki. Unapotafuta, andika Makala Gras 2017, la sivyo utaletewa makala za magazeti.

Virunga ya 2014 mnaitaja sana kwenye maoni. Ni kazi kubwa, lakini ina risasi, si ya usiku mtulivu. Bora Maman Colonelle ya Dieudo Hamadi, ya 2017, juu ya kanali wa polisi anayehamishwa kutoka Bukavu kwenda Kisangani.

Video mpya sasa ni Alhamisi badala ya Jumapili. Inayofuata ni Augure ya Baloji, mzaliwa wa Lubumbashi hapa hapa, ya 2023. Hiyo ni ya rangi kuliko sauti, kwa hiyo tutafungua menyu ya Image (picha) mwanzo hadi mwisho. Andikeni chini modeli ya televizheni yenu, namba iko nyuma kwenye karatasi nyeupe, nianze na zile zilizo nyingi.