Dakika tano za Wadi Rum

Kambi hii ya watalii ya Wadi Rum nilianza kuipa nyota mbili, nikafuta, nikaweka moja. Sasa naandika na sijui nitaishia na ngapi, maana kila nikiikumbuka jioni ile hasira inapanda upya, halafu naikumbuka chai ya yule mzee, inashuka. Someni, mtaamua wenyewe.

Tulikuwa wanne, sote tunafanya kazi Doha: mimi wa Tanga, Mmombasa mmoja, dada wa Moshi, na Mganda ambaye Kiswahili chake ni cha kuokoteza lakini kwa kulalamika kinamtosha. Mwanzoni mwa mwaka, baridi ya huko ikiwa imekaza, likizo zetu zikaangukia wiki moja, tukakata tiketi za Yordani. Petra, ule mji wa kale uliochongwa mwambani, tuliuona kama wanavyouona wote. Hamu hasa ilikuwa jangwa la Wadi Rum, kuingia katikati ya yale majabali kwa miguu. Nilimwandikia mwenye kambi kwenye WhatsApp mara tatu nzima: kwa miguu, bwana, hatutaki kuzungushwa na gari kutwa. Akanirudishia vidole gumba vitatu.

Asubuhi sina lawama nayo. Dereva kijana mwembamba, mcheshi, pikapu yake imefungwa mabenchi nyuma, na upepo unakupiga usoni mpaka machozi yanatoka. Mchanga wa kule una rangi ya ubuyu, nisiwadanganye, ule ubuyu wenyewe wa Zanzibar. Na majabali yanachomoka humo mchangani wima, bila kilima cha kuyatangulia, mengine yametoboka vitobo vitobo kama mkate wa kumimina, mengine yameteremka mifereji kama mshumaa uliowaka usiku kucha. Kwenye jabali la Khazali tuliingia ufa mwembamba ambao watu wawili wanapishana kwa kuombana radhi. Ukutani kumechongwa watu, wanyama, na nyayo za miguu, jozi kwa jozi, na maandishi ya Kithamudi, hati ya kale ya Uarabuni, ya watu waliopita hapo zamani hizo. UNESCO, walioiingiza Wadi Rum kwenye orodha yao ya urithi wa dunia mwaka 2011, wanataja michoro 25,000 na maandishi 20,000 katika eneo lote. Dada wa Moshi aliweka mguu wake hewani karibu na nyayo moja, akasema, "Huyu alivaa namba yangu." Mpaka hapo nilikuwa natoa nyota tano na salamu juu.

Mchana ndipo mambo yalipoharibika.

Mpango ulikuwa tulipite korongo la Barrah, kilomita tano hivi, dereva atuteremshe mwanzo wake kisha azunguke na gari atungoje mwisho. Ndivyo wafanyavyo wote kule, wala si jambo la ajabu. Akatuambia tuache mizigo garini, tutembee wepesi. Tukaacha makoti, tukaacha chakula, tukaacha katoni ya maji tuliyoinunua wenyewe kijijini Rum. Mimi nikaacha na kikoi changu cha samawati, kilichotoka nyumbani, nimekitandika kwenye kiti cha mbele. Kila mtu akashika chupa moja. "Mkitoka upande wa pili," akasema, akainua kiganja na vidole vyote vitano, "dakika tano, mimi nipo."

Tulitoka upande wa pili kama saa kumi kasorobo. Hakuna gari.

Tukakaa kivulini. Tukapiga picha. Tukamaliza maji, kwa sababu dakika tano hazihitaji akiba. Saa kumi na moja jua likaenda nyuma ya majabali, na pale ndipo nilipojua kwamba jangwa likizimiwa jua halipoi polepole kama pwani kwetu. Ni kama mtu kafungua friji. Mtandao hakuna hata kijiti kimoja. Mganda akapanda juu ya jiwe na simu kama anaitolea mhadhara, akashuka. Mmombasa, ambaye Kiarabu chake ni cha madrasa, akaanza kutufundisha kwamba mchanga kwao ni raml, na ramli yetu ya waganga imetoka humo humo. Dada wa Moshi akamwambia, "Basi ipige, kaka, tujue gari liko wapi."

Na hili neno dakika nalo tumelichukua kwao. Naona walitupa zile za kawaida, wao wakabaki na zao.

Giza lilikuwa limeshaingia pale tulipoona taa. Haikuwa gari letu. Alikuwa mzee wa Kibedui na pikapu nyeupe iliyochoka, anatafuta ngamia wake. Hakuuliza sisi ni nani. Alituangalia mikono, tulivyoikunja kwapani, akarudi garini akatoa blanketi moja lenye harufu ya mbuzi na moshi, tukaingia wote wanne. Akaokota vijiti vikavu, akawasha moto kwa kiberiti kimoja, akabandika birika jeusi kama chungu cha shughuli. Chai yenyewe ilikuwa na majani fulani ya mlimani na sukari ya kukutoa meno. Sijawahi kunywa chai tamu namna ile, na sizungumzii sukari. Kisha akasogea na gari mpaka mahali anapopajua yeye, akapiga simu, akarudi, akakaa nasi.

Dereva wetu alifika saa moja na nusu usiku, mziki unalia. Nyuma ya gari kulikuwa na makopo ya soda yasiyo yetu na kofia ya mtoto. Katoni yetu ya maji ilikuwa imepasuliwa, zimebaki chupa tano kati ya kumi na mbili. Alikuwa amewachukua wageni wengine kuwapeleka kuangalia jua likizama! Nikamuuliza kwa upole, wallahi kwa upole, ulikuwa wapi? Akanijibu kwa Kiingereza cha watalii: mlitaka kutembea, mmetembea, mnalia nini?

Pole tu, neno moja la pole, ningesahau yote.

Mzee ndiye aliyesimama. Alimpandishia yule kijana kwa sauti iliyogonga majabali ikarudi, na sisi tukiambulia neno moja moja tu. Lakini "aib" ilisikika mara nne, na hiyo haikuhitaji Mmombasa atutafsirie. Kijana aliinamisha kichwa. Tulipotaka kumpa mzee chochote alikataa, akachukua blanketi lake akaenda kwa ngamia zake.

Kambini mwenye kambi akasema jangwa ndivyo lilivyo. Jangwa limekosa nini? Si jangwa lililobeba makundi mawili ya wageni kwa wakati mmoja. Punguzo hakuna, dinari ni zile zile. Basi nikaenda kulala na nyota moja kichwani, ila kabla sijalala wakafukua zarb, nyama na viazi vilivyofukiwa mchangani na makaa tangu jioni, nikala sahani tatu huku nimenuna. Na usiku tukayatoa magodoro nje. Anga lile, jamani. Mganda, asiyenyamaza, alinyamaza.

Asubuhi tulipewa kijana mwingine, akatupeleka daraja la jiwe la Umm Fruth, akatangulia kupanda, akatunyooshea mkono mmoja mmoja, na chupa za maji akatubebea bila kuambiwa. Kwa hiyo wapo watu. Nyota tatu? Nilikuwa nimefika tatu, kweli.

Lakini kikoi. Nilikitafuta usiku ule garini, dereva akamulika tochi chini ya viti, hakuna kitu, akaapa. Nikasema basi, kimepeperuka. Juzi naangalia ukurasa wao, kuna picha mpya ya kutangaza safari: yule yule kijana amesimama juu ya jabali, mikono kiunoni, kichwani amejifunga kikoi cha samawati chenye mistari myeupe ukingoni. Nimeikuza picha mpaka nimeona alama ya pasi niliyokiunguza mwenyewe.

Nyota moja. Ingawa, kusema haki, kilemba kimemkaa.