Kichwa cha filta cha mtumba kwenye Hilux ya dizeli: uzoefu wangu masika hii

Hilux yenyewe ni ya marehemu baba, injini ya 2L, cc 2446, na kwa umri wake haijanisumbua sana. Mwezi wa tano ndio ilinigomea. Mvua ilikuwa imetupiga hapa Maweni, Malindi, siku nne mfululizo, kusi inavuma hadi makuti ya banda yanainuka. Asubuhi napiga stati, injini inazunguka weee, haishiki. Ikishika inakohoa moshi mweupe, inazima.

Mdogo wangu kashikilia plagi zimelowa. Nikamwambia bwana, hii si petroli. Dizeli inawaka kwa hewa iliyobanwa, haina plagi ya cheche. Ina hita plagi tu, za kupasha injini joto ikiwa baridi, na kwa joto letu hizo si za kulaumiwa kwanza.

Nikalegeza koki ya chini ya filta ya dizeli, nikakinga chupa ya jamu, nikaiacha itulie. Juu dizeli, chini maji, mstari katikati umenyooka kama wa rula. Robo nzima maji! Kumbe raba ya kifuniko cha tangi imekatika, na mimi naegesha chini ya mchirizi wa bati. Hilo kosa langu.

Kwanza nilijaribu filta mpya ya shilingi 450. Raba yake nyembamba kama ya kufungia pesa, ikawa inavuta hewa. Na pampu ya mkono ya zamani, ile ya kusukumia dizeli, ilishakufa, unaibonyeza inalala tu. Ndipo nikatafuta kichwa kizima cha filta, kile kipande cha juu filta inapofungwa, mtumba wa Japani, pampu juu yake: 3,500.

Kukifunga si kazi, boliti mbili na mipira miwili ya kupitishia dizeli. Kazi ilikuwa turubai, tulilifunga kwenye mwembe, kila upepo ukija linatumwagia ndoo ya maji shingoni. Kisha kutoa hewa iliyoingia njia ya dizeli: bonyeza pampu mpaka iwe ngumu kidoleni, legeza nati za nozeli (zinazopulizia dizeli ndani ya injini) nusu mzunguko, mtu apige stati. Zitatoka povu kwanza, halafu dizeli safi, hapo unakaza moja moja. Mikono iwe mbali, dizeli ya nozeli ina presha ya kupenya ngozi.

Ya nne ilipokazwa ikanguruma. Mama akatoka na leso kichwani, akauliza, "Ni ya baba yenu hiyo?"

Wiki tatu sasa, pampu bado ngumu, haivuji. Nyota nne kati ya tano. Ya tano nimeinyima kwa sababu waya wa kitambua maji ulikuja umekatwa, taa ya dashibodi haifanyi kazi, na muuzaji hakusema. Kwa hiyo kila Ijumaa kabla ya kwenda msikitini nafungua koki mwenyewe. Juzi hakikutoka kitu ila dizeli.