Riwaya za kukodi Sabasaba, Dodoma: maoni ya fundi cherehani

Kama unapenda riwaya za zamani zenye fumbo la kufumbua, mapenzi yanayochelewa kukiri, na mwanamke asiyekubali kuamuliwa mambo yake, kuna mahali pamoja Dodoma ninapokuelekeza bila wasiwasi. Ni meza ya vitabu vya mitumba upande wa Sabasaba, chini ya turubai la bluu, ubavuni mwa wauza mabegi. Haina kibao. Ulizia "kwa mwalimu wa vitabu" na utaonyeshwa. Mwenye meza aliwahi kufundisha sekondari, kwa hiyo sote tunamwita mwalimu. Yeye ananiita fundi, maana nashona nguo za kike Makole na tepu hainitoki shingoni.

Anauza na anakodisha, na sifa zangu zinakwenda kwenye kukodisha. Unaweka amana ya shilingi 5,000, unalipa 1,000 kwa wiki kwa kila kitabu, na jina lako linaingia kwenye kauntabuku. Ukirudisha kitabu salama, amana yako ipo, unachukua kingine. Vitabu vingi vinatoka kwa wanafunzi wa vyuo wanaomaliza na hawataki kubeba mzigo kurudi kwao, vingine vinakuja na marobota kutoka Dar es Salaam. Riwaya mpya dukani inaweza kula hela ya mshono mzima wa blauzi, ndiyo maana kwangu meza hii ni jambo kubwa.

Wauza vitabu wengi hupanga kwa ukubwa wa jalada. Mwalimu hupanga kwa kuwa amesoma. Siku nilipomwambia nimechoka na wanawake wa riwaya wanaozimia kila sura, hakunionyesha rundo nipekue mwenyewe. Aliniuliza kama naweza kuvumilia kitabu kinene ambacho shujaa wake wa kike siye anayeolewa. Nikasema naweza. Akainama chini ya meza akatoa The Woman in White cha Wilkie Collins, jalada limeshikwa kwa selotepu, kurasa zimekuwa rangi ya chai.

Kisa hicho kilitoka kwa vipande London kuanzia Novemba 1859 hadi Agosti 1860, kwenye jarida la Charles Dickens, All the Year Round. Mwenye kutaka ukali wa maneno anaweza kusema hiyo si riwaya ya kihistoria, kwa sababu mwandishi alisimulia mambo ya miaka kama kumi tu kabla yake. Kwa msomaji wa leo ni historia kamili, na wengi wanaoandika mafumbo ya enzi za Malkia Victoria bado wanachota kisima kile. Walter Hartright, kijana mwalimu wa kuchora, anatembea usiku kuelekea London, anaguswa begani na mwanamke aliyevaa nyeupe kuanzia juu hadi chini, anayeulizia njia. Baadaye anakwenda Cumberland kuwafundisha dada wawili wa mama mmoja, Laura na Marian. Laura ana sura na ana paundi 20,000. Marian hana mali wala uzuri wa kusifiwa, ila ana akili na moyo.

Sasa nifike pale panaponifanya niandike haya. Laura ameolewa, yeye na Marian wameshahamia nyumba ya mume, na Marian anahisi mume huyo na rafiki yake mnene, Count Fosco, wanapanga jambo. Wanazungumza usiku chini, kwenye chumba cha vitabu. Njia pekee ya kuwasikia ni kutoka dirishani na kutambaa juu ya paa la veranda. Collins hamrushi tu dirishani. Kwanza anamvua. Marian anaweka kando gauni lake la hariri, anatoa zile nguo za ndani nyeupe zinazojaa na kutanuka, anavaa sketi ya ndani ya flana ya rangi ya giza, na juu yake joho jeusi la safari, kofia yake kichwani. Anasema mwenyewe kwamba akiwa na nguo zake za kawaida za jioni anachukua nafasi ya wanaume watatu, lakini hivi sasa hakuna mwanaume angepita penye wembamba kumshinda.

Nilipofika hapo nilisimamisha cherehani. Mwandishi yule alijua nguo! Alijua kwamba hariri inapiga kelele ikisuguana na ukuta, na kwamba nyeupe inaonekana gizani, na kwamba mwanamke wa wakati ule alikuwa amefungiwa ndani ya mita na mita za kitambaa. Ujasiri wa Marian unaanzia kwenye vifungo. Kisha mvua inanyesha, anakaa pale paani analoa mpaka mifupani, anasikia anachotakiwa kusikia, na mwili wake unalipa gharama. Fumbo, nguo na tabia ya mtu vimeshonwa kwa uzi mmoja. Huwezi kuchomoa kimoja.

Nina ugomvi na Collins, nao ni huu: mapenzi yote anampa Laura. Laura ni mpole, anaonewa, anapendwa. Marian anafanya kazi yote halafu anabaki kuwa mama mkubwa mwema wa mtoto wa Laura. Mwalimu anasema wakati ule msomaji asingekubali vinginevyo. Mimi sikubali. Mwandishi aliyethubutu kumtoa mwanamke dirishani usiku angethubutu pia kumpa mtu wa kumpenda.

Hata hivyo kitabu kile kimenipa kipimo ninachotumia kwa vingine vyote vya meza ile. Ukaidi wa shujaa lazima ugonge kitu kigumu cha wakati wake. Paundi 20,000 za Laura ni mtego kwa sababu sheria ya Uingereza ya siku zile ilimpa mume fedha za mke, isipokuwa pawe na mkataba wa ndoa ulioandikwa vizuri. Na wa Laura ulilegezwa kwa uvivu wa baba yake mdogo. Sheria za kumwachia mke mali yake zilikuja 1870 na 1882. Ukilijua hilo, kila mlango unaofungwa katika nyumba ile unatisha zaidi. Mhalifu hana haja ya kisu. Karatasi inamtosha.

Riwaya nyingi za siku hizi za aina hii zinateleza hapo hapo. Nilikodi moja, sitaitaja, ambayo mapenzi yake ni matamu na maiti anaonekana mapema kama inavyopasa. Lakini shujaa wake wa mwaka 1815 anachomoa bastola kutoka mfuko wa gauni la mazlini. Mfuko gani huo? Nguo za miaka ile zilikatwa kiunoni juu, chini ya matiti, kitambaa chepesi kinadondoka na kufuata mwili. Ule mfuko mkubwa wa bibi zao, uliofungwa kiunoni kwa kamba chini ya sketi pana, ulikuwa umeshakosa pa kujificha, na ndipo wanawake wakaanza kubeba vimkoba vya mkononi. Bastola ndani ya mazlini ingeonekana toka ng'ambo ya barabara na ingevuta mshono mpaka upasuke. Kitabu kingine kilimpa mwanamke wa 1840 gauni lenye zipu mgongoni. Zipu tunayoijua ilikamilishwa mwaka 1913, na kwenye magauni ilizoeleka miaka ya 1930. Kabla ya hapo ni kulabu, kamba na safu ya vifungo, mara nyingi mgongoni, na mwanamke wa nyumba kubwa mara nyingi alihitaji mtu wa kumvua.

Hilo la vifungo vya mgongoni si dogo hata kidogo. Maana yake ni kwamba kila usiku kuna mtumishi wa kike anayeona alama shingoni, barua iliyofichwa kwenye koseti (lile vazi la kubana kiuno), pindo lenye tope la mahali ambapo bibi yake alisema hakwenda. Mwandishi anayelijua hilo ana shahidi wake tayari. Anayeweka zipu amemfukuza shahidi kazi, kisha anahangaika kurasa mia mbili kumtafuta mwingine. Nimemweleza mwalimu, na sasa akipata riwaya ya namna hii ananionyesha sura ya kwanza nipime nguo kabla hajaipanga. Naifanya kazi hiyo kwa furaha.

Kasoro za huduma zipo. Vumbi la Dodoma halina adabu, hasa upepo wa Juni hadi Agosti unapoanza kusukuma turubai, na vitabu vya safu ya juu vinashika wekundu kwenye kingo. Hakuna kiti, unasoma sura ya kwanza ukiwa umesimama kati ya wapita njia. Msimu wa Bunge la bajeti wateja wanaongezeka na vitabu vizuri vinapotea mezani kwa wiki nyingi. Kubwa kuliko yote ni kurasa za mwisho. Nilipeleka nyumbani riwaya ya fumbo, nikaisoma usiku mpaka shujaa wake wa kike anaingia ukumbini, wote wamekaa, anataka kumtaja muuaji, na kurasa zilizobaki zimechanwa. Kwa vitabu vya mapishi huo ni uharibifu tu. Kwa riwaya ya fumbo ni dhuluma. Mwalimu alinirudishia hela bila mabishano, na siku zilizofuata akaanza kuhesabu kurasa za kila kitabu na kuandika kwa penseli ndani ya jalada: "kamili" au "pungufu". Kabla hujalipa, fungua jalada uangalie neno hilo, halafu uangalie na nyuma kwa macho yako.

Safu ya Kiswahili ni fupi, na hapa naomba msaada wa wasomaji wenzangu, maana mwalimu anauza anacholetewa. Kilichopo kinachostahili safari ni Vuta N'kuvute cha Adam Shafi. Ni Zanzibar ya siku za mwisho za ukoloni. Yasmin, binti wa Kihindi, ameozwa kwa Bwana Raza, mwanaume wa umri wa kumzaa. Anaondoka. Anapata hifadhi mtaa wa Ng'ambo kwa shoga yake Mwajuma, anakutana na Denge, kijana anayepigania uhuru, na makachero wa Mwingereza wako nyuma yao. Si riwaya ya kumtafuta muuaji. Lakini kujificha kupo, kufuatwa kupo, mlango unagongwa usiku na hujui ni nani. Na Yasmin anagonga vitu vigumu kwelikweli: ndoa, jamaa zake, rangi, serikali. Kwa kipimo changu anasimama bega kwa bega na Marian, na yeye mapenzi anayapata.

Nikimaliza Yasmin ninabaki na njaa ya kitu cha kwetu huku. Mwalimu na mimi tumelizungumza mara nyingi, mzee mmoja mteja wake akituunga mkono kila akishatusalimu kwa Kigogo, "Mbukwa". Ugogo, nchi hii ya Wagogo, ulikuwa njia ya misafara ya Bagamoyo kwenda Tabora na Ujiji. Ukitoka Mpwapwa unavuka Marenga Mkali, nyika isiyo na maji, kisha unafika kwa watemi wanaotoza hongo, yaani ushuru wa njia, ndipo upite na unywe. Hongo ililipwa kwa vitambaa, merikani na kaniki, pamoja na shanga na waya. Robota moja la merikani likipotea usiku kati ya kambi ya msafara na boma la mtemi, kila mtu anashukiwa: mnyampara, wapagazi, mke wa mtemi, msichana wa kisimani. Mwanamke anayekijua kitambaa kwa kukishika angemtambua mwizi kwa nguo mpya ya mtu fulani. Au ichukuliwe miaka ya Mtunya, 1917 hadi 1920, njaa iliyoletwa na majeshi ya Wajerumani na Waingereza kubeba nafaka, ng'ombe na wanaume wa Ugogo, mvua nazo zikakataa. Ghala ambalo bado lina mtama wakati ule ni fumbo tayari, na mwanamke aliyeachwa na watoto hahitaji kufundishwa ukaidi. Mwandishi wa hapa akiandika hicho, nitakinunua kipya, na nakala ya pili nitampelekea mwalimu aipange mbele.

Kwa anayekwenda: nenda asubuhi kabla jua halijapanda au jioni wauza mabegi wanapoanza kufunga, ndipo mwalimu ana nafasi ya kuzungumza. Mwambie unachokipenda kwa kirefu, usitaje jina la kitabu tu. Malipo ya simu anapokea, ila amana anataka taslimu. Beba mfuko wa kufungika kwa ajili ya vumbi. Collins amerudi mezani tangu wiki iliyopita, yuko chini upande wa kushoto, na ndani ya jalada ameandikwa "kamili". Vuta N'kuvute iko kwangu mpaka Jumamosi. Baada ya hapo iulizeni.