Miezi mitatu na OpenSSH 10 kwenye seva ya kiwanda chetu cha uchapaji

"Kaka, seva yenu imekata tena." Simu ya kwanza iliingia saa mbili na nusu asubuhi, Jumanne moja ya Novemba, mimi nikiwa bado kwenye daladala pale Tazara. Ya pili ikaja kabla sijafika getini. Ya tatu alipiga dada wa mapokezi, naye hakuanza na salamu.

Aliyewahi kufanya kazi ya uchapaji Dar anaijua Novemba. Ni kalenda, shajara, kadi, vitabu vya stakabadhi vya mwaka mpya. Kila mteja anataka mzigo wake utoke kabla ya katikati ya Desemba, na wote wanatuma faili siku ile ile. Sisi tupo Chang'ombe, wabunifu wengi wanaotuletea kazi wapo Kariakoo. Zamani faili zilikuja kwa bodaboda: kijana anaingia na flashi mfukoni, ndani ya flashi kuna virusi vya mji mzima. Wengine walituma picha kwa WhatsApp, ikifika imeshaminywa, ukiitoa kwa ukubwa wa bango inaonekana kama imechorwa kwa mkaa. Ndiyo sababu mwishoni mwa 2021 niliweka seva ya SFTP, yaani ya kupokea faili kwa njia iliyosimbwa: kompyuta ya kawaida yenye RAM ya GB 8, mfumo endeshi wa Debian 11, na OpenSSH, programu ya kuingia na kutuma faili kwa usalama, ambayo haidai hata shilingi. Kila mteja ana folda yake, anaingia kwa FileZilla au WinSCP, anadondosha PDF, kazi inaanza.

Tangu Septemba 2025 seva hiyo iko kwenye Debian 13, ambayo imekuja na OpenSSH 10.0. Ninayoandika hapa ni niliyoyaona mwenyewe, mazuri na yaliyonitoa jasho.

Nianze na kwa nini nilihama, maana mimi ni wa kundi la "ikifanya kazi usiiguse". Tarehe 1 Julai 2024 wataalamu wa Qualys walitangaza tundu kwenye OpenSSH, wakalipa jina la regreSSHion, namba CVE-2024-6387. Tundu lenyewe lilikuwa limeshazibwa mwaka 2006, halafu likarudi kimya kimya kwenye toleo la 8.5p1 na kukaa humo mpaka 9.7p1. Mshambuliaji anagonga mlango, haandiki nywila, anasubiri zile sekunde 120 za kuingia ziishe. Pale seva inapomkata, akipatia sekunde yenyewe hasa, anaweza kuendesha amri kama root, yaani mwenye mamlaka yote ya seva. Si jambo la jaribio moja: Qualys walisema kwa mashine ya biti 32 walihitaji wastani wa majaribio 10,000 hivi, saa sita hadi nane. Lakini seva yangu inalala macho usiku kucha na hakuna anayeitazama, saa nane zipo tele.

Kichekesho ni kwamba mwaka uliotangulia nilikuwa nimeshahamia Debian 12 yenye 9.2, nikajiona mjanja. Kumbe aliyebaki Debian 11 na 8.4 yake tundu hilo halikumhusu kabisa. Debian walitoa kiraka siku hiyo hiyo, nikaandika amri ya apt upgrade, dakika mbili ikaisha. Lakini nilipata somo: nisisubiri apdeti zirundikane.

Kuhama kwenyewe nilikufanya Jumamosi usiku, kwa kutumia laptopu nyumbani Mbagala, umeme ukiwa na tabia zake. Hapa nawapa hongera waandishi wa maelezo ya toleo la Debian 13, na nawaomba msiyaruke kama mnavyoruka masharti ya mkopo wa simu. Walionya waziwazi: ukiwa unahamisha seva kwa mbali na muunganisho ukakatika katikati, unaweza kushindwa kurudi ndani. Sababu ni kwamba tangu toleo la 9.8 OpenSSH imegawanywa vipande. Kuna sshd inayosikiliza mlangoni, na kuna sshd-session inayomhudumia aliyeshapita. Katikati ya kuhama unakuwa na mlinzi wa zamani getini na wahudumu wapya ndani, hawaelewani. Dawa ni kuhakikisha kwanza openssh-server ya Debian 12 imefika kwenye kiraka cha deb12u7 au cha baadaye. Nikafanya hivyo, nikafungua tmux, programu inayoendeleza kazi kwenye seva hata ukikatika, nikaanza. Saa nne na robo umeme ukakatika mtaani kwetu. Ruta ikazima, laptopu ikabaki na betri yake. Nikawasha intaneti ya simu, nikarudi ndani, nikaikuta kazi inaendelea kama sijaondoka. Bila ule mstari mmoja wa onyo, huenda Jumapili asubuhi ningekuwa na funguo za kiwanda mkononi, namtafuta mlinzi.

Kuna jambo moja halihusu OpenSSH ila litamkuta yeyote mwenye seva ya faili. Kwenye Debian 13 folda ya /tmp imehamia kwenye RAM, na inaruhusiwa kula hadi nusu yake. Skripti yangu ilikuwa inanakili kila faili mpya kwenye /tmp ili kuikagua kabla ya kuipeleka kwenye programu inayotengeneza pleti za kuchapia. Kwangu nusu ni GB 4. Wiki ya kwanza likaja bango la barabarani, faili ya GB 3 na ushei, na nyingine nyuma yake. Skripti ikafa. Nilihangaika saa nzima nikidhani diski imejaa, kumbe diski ilikuwa na nafasi ya kucheza mpira. Nikahamishia ukaguzi kwenye folda ya diski, basi.

Sasa turudi kwenye Jumanne ile.

Nilipofika ofisini nilijaribu kuingia kutoka mezani kwangu: inaingia. Nikatoka kwa intaneti ya simu: inaingia. Mteja mmoja wa Masaki akasema kwake safi. Wanaolia wote walikuwa Kariakoo, na nilipouliza vizuri, wote walikuwa ghorofa moja, vyumba tofauti, wabunifu wanne na duka moja la vifaa vya ofisini. Na haikuwa imekufa moja kwa moja. Ilikuwa inashika, inaachia. Mmoja anafanikiwa kutuma, wa pili anakataliwa, baada ya nusu dakika wa pili anaingia na wa kwanza anafungiwa. Ukiwa fundi, tatizo la namna hiyo ni baya kuliko lililokufa kabisa.

Nikafungua logi, kumbukumbu ya matukio ya seva. Mistari mingi ilikuwa ya miunganisho iliyodondoshwa, na mwishoni imeandikwa "penalty: failed authentication". Anwani ya IP ni moja tu. Hapo nikaelewa.

Tangu 9.8, ile ya Julai 2024, OpenSSH ina kitu kinaitwa PerSourcePenalties, na kinakuja kimeshawashwa. Ni adhabu kwa anwani inayofanya vurugu. Kila mara mtu anapokosea kuingia, anwani yake inaandikiwa sekunde 5. Sekunde zinajumlishwa, zikifika 15 mlango unafungwa kwa anwani hiyo mpaka zimalizike. Ukizidi kusumbua zinapanda, ila haziwezi kupita dakika 10. Aliyeiangusha programu anaandikiwa sekunde 90 kwa mkupuo. Kwa wale wanaogonga usiku kucha wakibahatisha nywila, ni dawa. Kabla ya hapo logi yangu ya usiku mmoja ilikuwa ndefu kama foleni ya Mandela. Sasa imepungua sana, na ile fail2ban niliyokuwa nayo, programu ya kufungia wanaokosea nywila, nimeiondoa.

Lakini adhabu inaenda kwa anwani, si kwa mtu. Ghorofa lile zima linatoka kwa ruta moja, kwa hiyo kwa seva yangu wabunifu wanne na duka ni mtu mmoja. Wakati wa kuhama nilibadilisha nywila za wateja wote. Kompyuta moja ya stoo kule dukani ilikuwa na programu ndogo ya kutuma oda yenyewe, ikiwa na nywila ya zamani, na aliyeiandika hakuiwekea mapumziko: ikikataliwa inajaribu tena papo hapo. Inakosea mara nne au tano ndani ya sekunde chache, jengo zima linafungiwa, adhabu inaisha, inakosea tena. Kijana wa chumba cha pili anayetuma kalenda ya kanisa hana kosa lolote, ila amepanga jengo moja na mkosaji.

Sidhani waliounda kitu hiki hawakulifikiria, maana dawa wameiweka humo humo. Lakini kwa mji kama wetu, ambako ghorofa zima linagawana ruta moja na wateja wa simu maelfu wanatoka kwa anwani moja ya mtandao wao, mipangilio inayokuja nayo ni mikali mno. Nilifanya mambo mawili. Ghorofa lile lina anwani isiyobadilika, nikaiandika kwenye PerSourcePenaltyExemptList. Kwa wengine wote nikapunguza:

PerSourcePenalties authfail:1s

Sekunde moja kwa kosa moja. Mteja anayekosea kosea nywila hafungiwi, na roboti linalogonga mara tano kwa sekunde bado linakula adhabu. Nikaiwasha upya sshd, adhabu zote zikafutika kwa sababu zinakaa kwenye kumbukumbu ya programu tu, na saa nne kasoro simu zikanyamaza. Aliyewekewa msamaha sasa halindwi na kitu hicho, najua. Ndiyo maana wale wanne nimewahamishia kwenye funguo za kidijitali badala ya nywila. Iliniuma kichwa, maana kumfundisha mbunifu tofauti ya ufunguo wa siri na wa hadharani ni kazi ya mchana mzima na soda mbili.

Kitu kingine cha kuangalia kama unaruka kutoka toleo la zamani sana: tangu 8.8 ya Septemba 2021, sahihi za RSA zinazotumia SHA-1, njia ya zamani ya kuthibitisha utambulisho, zinakataliwa. Mteja mmoja mkubwa alikuwa na mfumo wa zamani unaojua hizo tu, ukagoma siku niliyohamia Debian 12. Unaweza kuziruhusu tena kwa mistari miwili, nami niliziruhusu kwa wiki tatu huku nikiwasumbua kwa simu wabadilishe, halafu nikafunga. Mtu akikwambia uziache hivyo hivyo milele, mkatalie.

Ninachokipenda kuliko vyote hakizungumzwi sana. Tangu 9.0 seva inaweza kunakili faili yenyewe kwa yenyewe. Kabla ya hapo, ukitaka nakala ya kalenda ya mwaka jana ili uibadilishe jina, faili ilishuka mpaka kwenye laptopu yako kisha ikapanda tena. MB 900 kushuka, MB 900 kupanda, bando linalia. Sasa ndani ya sftp naandika cp, jina la zamani, jina jipya, na inamalizika kabla sijainua kikombe. Ila programu ya upande wa mteja nayo iwe inaijua amri hiyo.

Kuhusu usimbaji wake mpya, ule wa mlkem uliowekwa ili data ya leo isije kufunguliwa na kompyuta za kwantamu za kesho, sina cha kulalamika. Sijaona kasi ikipungua. Sijui kama kuna mtu atahangaika kuiba kadi za harusi za Temeke mwaka 2045, lakini ipo.

Ambacho OpenSSH haifanyi, na watu wanaitarajia, ni kukwambia faili imefika yote. WinSCP ikituma faili kubwa huipa kwanza jina la muda linaloishia na .filepart, ikimaliza ndiyo inaweka jina halisi. FileZilla inaandika kwa jina halisi tangu baiti ya kwanza. Mwaka juzi skripti yangu iliiona PDF ya FileZilla ikiwa nusu, ikaibeba, na tukachoma pleti nne za bango ambalo nusu ya chini ni nyeupe. Kosa langu. Sasa inasubiri ukubwa wa faili usibadilike kwa dakika mbili kabla ya kuigusa. Na ukimfungia mteja ndani ya folda yake kwa ChrootDirectory, folda ya juu lazima iwe mali ya root na wengine wasiweze kuandika humo. Hilo halijabadilika, na kila mgeni linamkwamisha siku ya kwanza.

Je, uhame? Kama uko Debian 12 na viraka unaweka, huna haraka, ila usihame wiki ya kalenda. Kama uko nyuma ya hapo, tenga Jumamosi.

Jana nimefungua logi tena. Ile kompyuta ya stoo Kariakoo bado inagonga na nywila ya mwaka jana, usiku na mchana. Nimewapigia mara tatu. Wanasema aliyeiweka alishaacha kazi, na hakuna anayejua inazimwaje.